Samaki akiwa kundini anatumia nguvu kidogo kuliko akiwa peke yake? Wafugaji na wavuvi njooni huku

Mzee wa Bwawa

Wakuu habari za jioni,

Nina swali ambalo mama watoto kasema ni la mtu aliyekosa kazi ila linanisumbua toka juzi, acha niulize tu. Juzi nimechukua vifaranga vya sato 500 kwa ajili ya kabwawa kangu hapa nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Mwanza, wakaja kwenye ile mifuko ya nailoni yenye oksijeni, nikailaza mifuko juu ya maji kwanza joto lilingane kama nilivyoelekezwa. Sasa wakati nawahamishia kwenye beseni niwahesabu nikaona mmoja kama ana kidonda mkiani, nikamtenga peke yake kwenye ndoo ya lita 20. Jamani yule samaki alichanganyikiwa! Kona huku kona kule, anajigonga kwenye ndoo, matamvua yanapiga kama mtu katoka kukimbizwa na mbwa. Nikasema huyu hafiki magharibi. Nikitupa jicho kwenye beseni wenzake karibu mia wamebanana, wametulia tuli, wote wameangalia upande mmoja. Nikamrudisha, hazijapita dakika tano ningekuambia umtafute usingemjua ni yupi. Maji ni yaleyale, tena ndooni alikuwa na nafasi ya kujimwaga.

Hapo nikakumbuka utoto Ukerewe, tulikuwa tunaenda na mjomba kuvua dagaa usiku wa giza, mnawasha karabai, dagaa wanakuja wanaizunguka ile taa, wanazunguka, wanazunguka, mpaka unachoka wewe uliyekaa kwenye mtumbwi, wao wala.

Sasa swali. Ni kweli samaki akiwa na wenzake mwili wake unatumia nguvu kidogo? Na kama ni kweli kinachomsaidia ni maji au ni akili? Halafu la pili, hili ndo la hela: kama wakiwa wengi kila mmoja anatumia nguvu kidogo, si ina maana nikiwajaza bwawani chakula cha kila mmoja nacho kinapungua? Chakula cha samaki kimepanda bei wakuu msinicheke.

kijiko_cha_chai

Uoga tu huo mkuu. Hata wewe ukifungiwa peke yako kwenye chumba kitupu cheupe utagonga ukuta. Samaki wanakaa kundi kumkwepa sangara basi, hayo ya kuokoa nguvu ni stori za maprofesa wanaotafuta hela za utafiti.

Tamvua

Kijiko umejibu nusu ya swali bila kujua, kwenye uoga ntarudi.

Mzee wa Bwawa mi nilisoma mambo ya samaki chuo, siku hizi nauza simu lakini hili somo halijanitoka. Kwanza ujue nguvu za samaki zinapimwaje, maana huwezi kumuuliza kama kachoka. Wanamweka kwenye tenki refu kama bomba, limefungwa, pampu inasukuma maji kwa spidi wanayotaka wao, samaki anaogelea kupambana na mkondo huku hasogei popote, kama mtu anayekimbia kwenye ile mashine ya gym. Halafu wanapima oksijeni kwenye yale maji inashuka kwa kasi gani. Oksijeni ikishuka sana maana yake mwili unaunguza sana.

Mwaka 1998 Herskin na Steffensen walifanya hivyo kwa samaki wa baharini wa kule Ulaya, wakakuta anayeogelea nyuma ya wenzake anapiga mkia kwa asilimia 9 hadi 14 pungufu kuliko wa mbele, kwenye oksijeni inakuwa nafuu ya asilimia 9 mpaka 23. Si mchezo hiyo.

Ila kulikuwa na shimo kwenye hesabu za zamani. Samaki ana nyama za aina mbili, kuna nyekundu zile za safari ndefu zinazotumia oksijeni, na nyeupe za kuchomoka ghafla ambazo zinafanya kazi kwa mkopo, mkopo unalipwa baadaye akishatulia. Ni kama mtu wa mbio za mita 100, anahema kwelikweli akishavuka mstari sio akiwa njiani. Kwa hiyo ukimpima samaki wakati anaogelea kwa kasi tu ukaishia hapo umehesabu nusu ya bili. Zhang na Lauder wa Harvard wakatoa kazi yao 2024, wao wakapima na lile deni. Wakachukua samaki anaitwa danio mkubwa, wanane kwa pamoja halafu mmoja peke yake, wakawapandishia spidi hatua kwa hatua. Kwenye spidi kubwa walio kundini kila pigo la mkia liliwagharimu hadi asilimia 56 pungufu kuliko mpweke, na wakishapumzishwa walirudi kwenye hali ya kawaida kwa asilimia 43 haraka zaidi. Mwaka huohuo timu yao ikatoa nyingine, safari hii maji yamevurugwa makusudi, yanachemkachemka kama ya kwenye mawe. Humo ndo balaa, kwenye kasi kubwa kundi lilitumia nguvu pungufu kwa asilimia 63 mpaka 79. Na cha kufurahisha maji yalivyovurugika wao wakazidi kubanana, yule mpweke akabaki anapigwa na kila mzunguko wa maji unaopita.

Halafu usione danio ni samaki wa mbali, kwao ni India na Sri Lanka kweli, lakini dagaa wako wa Ukerewe yuko ukoo mmoja na huyo. Dagaa wa Kigoma ndo siyo, yule ni jamaa wa sardini. Sisi tunawaita wote dagaa kwa sababu wanaishia kwenye kikaango kimoja.

Maji yanasaidiaje sasa. Mkia ukipiga unaacha vimzunguko vya maji nyuma yake, kimoja kushoto kimoja kulia. Watu wanafikiria ni kama kuendesha bodaboda nyuma ya basi upepo ukakata, si hivyo kabisa, maana samaki anasukuma maji kwenda nyuma, ukikaa sawasawa nyuma ya mkia wake anakumwagia maji usoni. Daniel Weihs mwaka 1973 akapiga hesabu akasema pazuri ni katikati ya wawili walioko mbele, kimshazari, kundi zima likawa limejipanga kama kigae cha kashata. Hapo vile vimzunguko vinakupita ubavuni vinakusogeza.

Sasa la uoga, Kijiko njoo. Kuna kasamaki ka matumbawe ka kijani kanaitwa Chromis viridis, hata kwenye miamba yetu ya pwani kapo. Nadler na wenzake (2016) wakakapima pale Lizard Island, Australia, kakiwa kametulia, HAKAOGELEI kupambana na mkondo wowote. Kakiwa peke yake kabisa kanaunguza zaidi. Kakiwekwa mahali kanaona wenzake na kunusa maji yao, bila hata kuguswa nao, matumizi ya mwili yakashuka kama asilimia 26. Walioachwa wapweke wiki nzima wakaanza kudhoofu. Kwa hiyo uoga WENYEWE ni matumizi ya nguvu. Samaki mpweke analala jicho wazi kila saa, moyo unadunda, misuli imekaa tayari kuchomoka. Akiwa na wenzake mia, macho ni mia mbili, yeye anaangalia kidogo anapumzika kidogo. Ndo ulichokiona kwenye ndoo yako.

Nahodha wa Kilwa

Assalam aleykum wote. Kijana Tamvua umesema vizuri lakini nina swali la mvuvi.

Mimi nimevua mkizi miaka zaidi ya ishirini. Mkizi ndo yule wa hasira zake tijara ya mvuvi, ukimzunguka na nyavu anaruka, na wengine wanarukia chomboni mwenyewe, unaokota. Sasa maji yakiwa safi, jua limepanda, unaona mkumbo mzima unapita chini. Jicho la mvuvi linaona kitu kimoja. Hakuna kiongozi. Anakuwa mbele huyu, punde unamwona kashaingia kati, katoka mwingine. Watu wa bara mnapenda kusema samaki ana mfalme, hana. Na nimeona mkumbo ukikatwa na jodari, au na sisi wenyewe, wale waliobaki pembeni mmojammoja wanakwenda kwa wasiwasi mno wala hawafiki mbali, wanaliwa.

Swali langu kama wa nyuma anabebwa na maji ya wa mbele, wa mbele anapata nini? Kwa nini akubali kuwa mbele? Kwetu mtu hapigi kasia peke yake wenzake wamelala bila malipo.

Tamvua

Waleykum salaam nahodha, umeuliza swali lililowatoa jasho watu wengi, na bahati nzuri majibu mengine yametoka kwa mkizi.

Kuna jamaa anaitwa Killen na wenzake walitoa kazi 2012, walitumia mkizi wa bahari ya Mediterania. Wakampima kila mmoja peke yake kwanza, mwili wake una uwezo gani wa kutumia oksijeni. Halafu wakawachanganya wakawaogelesha. Wale wenye mapafu (yaani matamvua, mnanielewa) makubwa, wenye uwezo, ndo walijikuta mbele, wale dhaifu wakabaki nyuma ambako unapiga mkia kidogo. Hakuna aliyewapanga.

Na njaa inapanga pia. Akina Krause kwenye miaka ya 90 walikuta mwenye njaa anasogea mbele, kwa sababu chakula anakikuta wa kwanza. Gharama yake ni kwamba na wa kuliwa wa kwanza mara nyingi ni yeye. Halafu 2018 akina McLean wakaja na kitu ambacho nilicheka peke yangu, waliwaacha samaki wale halafu wakawaogelesha, wale waliokula sana wakarudi nyuma ya kundi. Kusaga chakula kunakula oksijeni, tumbo likijaa kinachobaki cha kuogelea ni kidogo. Kama sisi baada ya pilau la Idi, nani anataka kutangulia. Kwa hiyo ule mzunguko unaouona baharini, wa mbele akirudi kati, ndo malipo yenyewe hayo nahodha. Aliyeshiba anarudi nyuma, mwenye njaa anatoka mbele.

Na mbele siyo hasara tupu. Marras na wenzake 2015 walipima tena mkizi wakakuta hata wa mbele anapata nafuu kuliko angekuwa peke yake. Nafuu yake ndogo, lakini ipo. Anayekufuata karibu anabadilisha maji ya nyuma yako pia.

Na nyuma nako si peponi. Zamani sana, 1967, McFarland na Moss walipima oksijeni ndani ya makundi ya mkizi baharini, mbele oksijeni iko sawa na bahari, ukienda nyuma ya kundi inashuka, maana wote waliotangulia wameshaivuta. Kundi likiwa kubwa mno wa nyuma anaokoa misuli lakini anavuta hewa ya makombo.

kijiko_cha_chai

Haya nimegugo maana naona mnaniona mshamba 😂

Nimekuta 1979 Partridge na Pitcher walikwenda kuangalia hiyo kashata ya Weihs kwa samaki wa kweli, wakatumia aina tatu za samaki wa baharini, herring na cod na mwingine jamii ya cod, wakapima nani kakaa wapi mmojammoja. HAWAKUKAA kwenye kashata. Kila mtu alikaa anapopenda. Kichwa cha habari chao kinasema wazi kabisa ni ushahidi DHIDI ya hiyo nadharia. Tamvua hilo mbona hukulisema au ulikuwa unauza simu?

Tamvua

😂😂 Kijiko umenishika. Kweli kabisa na ile kazi iliwanyamazisha watu wa maji kwa muda mrefu. Samaki kundini hawatulii kwenye nafasi, wanasogea kila sekunde, kwa hiyo kama nafuu ingepatikana kwenye kona moja tu ya kashata basi ingekuwa bahati nasibu.

Kilichokuja kubadilisha ni kwamba siyo lazima ukae mahali fulani, kinachohitajika ni MUDA wa kupiga mkia. Mwaka 2020 walitengeneza samaki wa roboti, wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, wakapima umeme anaotumia wa nyuma. Wakakuta popote alipo jirani na mwenzake anaweza kupata nafuu mradi mkia wake uendane na vile vimzunguko vinavyomfikia, akisogea nyuma kidogo anachelewesha pigo kidogo. Ni kama kupokezana kwenye twanga, wenye michi mitatu kinu kimoja, hakuna anayehesabu kwa sauti lakini michi haigongani. Halafu wakaangalia samaki wa kweli, wale wa rangi ya dhahabu wa majumbani, wakakuta nao wanafanya hivyo. Samaki ana ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, ndo sikio lake la kazi hiyo.

Na kama bado unabisha kwamba vimzunguko vya maji vina nguvu ya bure: mwaka 2006 walichukua samaki anaitwa trauti ALIYEKUFA wakamweka nyuma ya nguzo kwenye maji yanayotembea. Maiti. Mwili ukawa unajipinda wenyewe kwa vile vimzunguko ukaanza kupanda kwenda MBELE kinyume cha mkondo. Vidio ipo kaitafute usiku usipate usingizi.

Ila nakubaliana na wewe kwenye moja, hakuna aliyesema samaki walianza kukaa kundi KWA AJILI ya nguvu. Sangara ni sababu ya kutosha. Nafuu ya nguvu inaweza kuwa ni nyongeza tu ya muuza duka.

OmenaRepublic

Wasee salamu kutoka Homa Bay. Hapa dagaa ni omena, na mimi nafuga tilapia, yaani hao sato wenu, kwa keji (vile vizimba vya nyavu) ziwani, so nataka nimjibu huyu mzee swali lake la pesa kwa sababu naona wote mmemwacha.

Buda usijaribu. Yaani hata usijaribu. Hizo asilimia 56 na 79 ni za samaki anaogelea kwa nguvu against mkondo. Bwawa lako liko nyuma ya nyumba, maji yamesimama, hakuna mkondo wa kupigana nao. Nafuu ya maji hapo karibu haipo, inabaki ile ya kutulia roho tu, na hiyo unaipata hata wakiwa mia, hauhitaji elfu tano. Samaki haongezi utulivu juu ya utulivu.

Lakini gharama ya kuwajaza inapanda bila kusimama. Mchana majani na ule ukijani wa maji vinatoa oksijeni, usiku navyo vinavuta, samaki wanavuta, mavi ya samaki yakioza yanavuta, ikifika saa kumi na moja alfajiri maji yamekauka oksijeni. Mimi nilianza na pond kabla ya keji na niliwahi kuamka nikakuta wote wako juu midomo nje wanahema, nikakimbia na ndoo kumwaga maji kama mwenda wazimu. Ile siku nilipoteza karibu nusu. Nilikuwa nimewajaza kwa hesabu kama yako hiyo.

Na pia tilapia si omena. Wakiwa vifaranga wanatembea pamoja, wakikua dume anachimba kiota chini anafukuza kila mtu, hapo kukaa pamoja ni vita na vita inakula feed. Ndio maana watu wanaweka madume peke yake na wanawatenga kwa saizi. Kambale naye kinyumenyume, ukimweka wachache wachache akiwa mdogo ndo anauma wenzake, wakiwa wengi kidogo wanatulia. Kila samaki na tabia zake.

Kitu ya maana utoe kwa hizi stori ni mbili. Usimtenge samaki mmoja pekee kama hauna haja, ukitenga wagonjwa weka wawili watatu. Na ukisafirisha vifaranga wasikule siku moja kabla, ndo hatchery wengi, wale wanaototoa vifaranga, wanafanya, Tamvua amesema kwa nini, tumbo likiwa na chakula linakula oksijeni na ndani ya mfuko oksijeni ni ile tu.

Nahodha wa Kilwa

Ahsante kijana wa Homa Bay. Na wewe Tamvua kuhusu aliyeshiba kurudi nyuma nitakwenda kumwambia babu mmoja hapa bandarini, yeye siku zote husema mkizi wa mkiani mwa mkumbo ndo mwenye mafuta. Tulikuwa tunamcheka.

Tamvua

Nahodha mwambie babu asiuze hiyo siri bei ya chini.

Mzee wa Bwawa

Wakuu nimesoma yote mara mbili. OmenaRepublic nimekuelewa, nilikuwa nimepanga kuongeza wengine 500 wiki ijayo, nimeahirisha, na kesho alfajiri naamka kuangalia kama kuna anayehema.

Sasa sikilizeni. Jana jioni nikasema acha nijaribu hii ya Nadler. Nikamchukua mmoja (siyo yule wa kidonda, yule namwacha apone) nikamweka kwenye jagi la kioo lenye maji, nikaliweka jagi juu ya meza peke yake. Yaleyale, vurugu, matamvua mbiombio, binti yangu wa darasa la sita anahesabu kwa sauti mimi nimeshika saa ya simu. Tukamwacha mpaka tukahakikisha hatulii. Halafu nikalishusha jagi hivyohivyo, samaki akiwa ndani, nikalizamisha katikati ya beseni lenye wenzake, mdomo wa jagi juu ya maji. Hawagusani, maji hayachanganyiki, wanaonana tu kupitia kioo.

Akasimama. Wallahi akasimama. Akageuka akaangalia upande walioangalia wao, na wao wakaja wakalizunguka jagi. Binti akahesabu tena akasema baba hesabu imeshuka, akarudia mara tatu maana haamini.

Tatizo lililopo kwa sasa ni kwamba lile jagi ndo la juisi ya wageni na mama watoto kalikuta kwenye beseni.